Dinosaria Wetu Hakuwahi Kukanyaga Nyasi

Mpwa wangu ana miaka tisa na maswali ya hakimu. Nilimnunulia sokoni hapa Bariadi pakiti ya dinosaria wa plastiki. Ndani yake kulikuwa na dinosaria sita, minazi miwili, mlima mmoja wa volkano na kipande cha zulia la kijani la kuigiza nyasi. Akavipanga vyote juu ya meza ya kulia chakula, akavitazama kwa muda, kisha akauliza:

"Mjomba, huyu mrefu anakula nini hapa?"

"Majani," nikamjibu bila kuinua macho kwenye simu.

"Majani ya nini?"

Hapo nikainua macho. Minazi miwili ilikuwa inamfika dinosaria magotini. Zulia la nyasi lilikuwa limetanda vizuri chini ya miguu yake. Mimi ni mwandishi wa habari, kazi yangu ni kuwauliza watu "chanzo chako ni nini?", na sasa mtoto alikuwa ameniuliza mimi. Sikuwa na jibu.

Tangu siku hiyo siangalii tena picha ya dinosaria kama zamani. Namruka mnyama, naangalia nyuma yake na chini yake. Na karibu kila mahali nakuta kosa lilelile: mnyama amechorwa kwa uangalifu mkubwa, halafu amewekwa mahali ambapo asingeweza kuishi hata siku moja. Makala hii ni uhakiki wa mahali hapo. Kwetu sisi Watanzania jambo hili lina uzito, maana huyo mrefu wa mpwa wangu, mwenye shingo ya twiga, ni wa kwetu. Alichimbwa Tendaguru, mkoani Lindi.

Tuanze na nyasi. Kuna shule moja ya awali hapa mjini ambayo ukuta wake umepakwa wanyama: simba, tembo, twiga, na pembeni dinosaria wa kijani anayetabasamu. Wote wamesimama kwenye nyasi moja, chini ya mbuyu mmoja. Simlaumu fundi aliyechora. Alichora anachokijua. Sisi watu wa Simiyu tumelala ubavuni mwa Serengeti. Ukitutajia mnyama wa porini, akili inatandika nyasi kwanza, mnyama anafuata baadaye. Nyumbu yuko kwenye nyasi, ng'ombe wa babu yuko kwenye nyasi, hata nyumba ya bibi ilikuwa imeezekwa nyasi. Utafikirije dunia isiyo na nyasi?

Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mifupa ya Tendaguru ina umri wa miaka milioni 150 hivi, mwishoni mwa kipindi kinachoitwa Jurasiki. Nyasi zilikuja makumi ya mamilioni ya miaka baadaye. Siyo nyasi peke yake. Mimea yote inayotoa maua, ukianzia mbuyu, mnazi, mgomba, mwembe, mwarobaini, hadi pamba inayotulisha hapa Bariadi, ushahidi wake unaokubalika na wengi unaanza katika kipindi kilichofuata, yaani Kretasia. Kwa hiyo ukimsimamisha dinosaria wa Tendaguru chini ya mnazi, ni kama umemchora Mtemi Mirambo anaongea na simu ya mkononi. Tena Mirambo na simu wamepishana kwa miaka mia moja na ushee tu.

Wakubwa nao wamekosea, tena kwa bajeti nene. Filamu ya Jurassic Park ya mwaka 1993 ina ile sehemu maarufu ambapo wageni wanamwona Brachiosaurus kwa mara ya kwanza. Wengi tunaikumbuka shingo ile ikipanda juu kuelekea matawini. Mimi nimeirudia juzi nikiangalia chini, na mnyama anatembea kwenye nyasi safi, kama za uwanja wa mpira. Kinachoniuma ni kwamba filamu ile ile, sekunde chache kabla, ilikuwa imeanza vizuri. Mhusika wake Ellie Sattler ni mtaalamu wa mimea ya kale. Yuko ndani ya gari, ameshika jani mkononi, anashangaa kwamba mmea ule ulishatoweka duniani. Mwenzake anamshika kichwa na kumgeuza amtazame mnyama. Jani likasahaulika, filamu ikaendelea na mambo yake. Naiona sehemu ile kama muhtasari wa namna dunia nzima inavyowatazama dinosaria: kuna mtu ameshika jani, na kuna mwingine anamgeuza kichwa.

(Kwa bahati tu, mhandisi Mjerumani aliyetoa taarifa ya mifupa ya Tendaguru mwaka 1906 naye aliitwa Sattler, Bernhard Sattler. Na mnyama wa filamu ni ndugu wa wetu. Kwa miaka mingi wa Tendaguru aliitwa Brachiosaurus brancai, jina alilopewa na Werner Janensch mwaka 1914, na michoro mingi ya Brachiosaurus duniani ilitegemea mifupa iliyotoka Lindi. Siku hizi wataalamu wengi wanamwita Giraffatitan.)

Sasa, kama si nyasi, ni nini? Hapa ndipo nilipopata raha ambayo sikuitegemea.

Mahali penyewe kwanza. Matabaka ya Tendaguru yamepangana kwa zamu: tabaka lenye mifupa ya dinosaria, kisha tabaka lenye magamba ya viumbe wa baharini, kisha mifupa tena. Maana yake bahari ilikuwa inakuja na kuondoka. Palikuwa ni pwani: vidimbwi vya maji ya chumvi, tope, mchanga, na nyuma yake nchi kavu yenye misitu. Hali ya hewa ilikuwa ya joto, yenye msimu wa ukame. Kwa hiyo ule mlima wa volkano unaokuja kwenye kila pakiti ya midoli, kana kwamba dinosaria hawezi kuishi bila moshi, kwa mnyama wetu uondoe. Weka mchanga. Weka magamba ya konokono wa baharini.

Miti yenyewe tunaijua kwa sehemu kubwa kutokana na chavua, yaani ule unga wa uzazi wa mimea, ambao huweza kukaa ndani ya mwamba kwa mamilioni ya miaka bila kuoza. Wanasayansi waliochunguza miamba ya Tendaguru wamekuta chavua nyingi sana ya jamii moja ya miti ya koni inayoitwa Cheirolepidiaceae. Jamii hiyo imetoweka kabisa. Ilikuwa na majani madogo kama magamba, yaliyobana kijiti, yenye kuvumilia ukame. Ukitaka kuyapata kwa macho, kumbuka kitawi cha msaipresi. Pamoja nayo walikuwepo ndugu wa araukaria, ule mti wa mapambo wenye matawi yaliyopangana kama ngazi. Walikuwepo pia sikadi, ginko na kangaga za aina mbalimbali.

Nikamweleza mpwa wangu. Akasema, "Basi twende tukatafute."

Tukatoka Jumamosi asubuhi, mimi, yeye na mfuko wa plastiki. Nawaambia, ukitaka kujua jinsi mimea ya maua ilivyoiteka dunia, zunguka Bariadi ukitafuta kitu kisicho na maua. Yeye alianza na minyaa ya kwenye ua wa jirani. Kwa sura ni mmea wa kale kabisa: hauna majani ya maana, una vidole tu vya kijani na utomvu mweupe. Nikamwambia hapana, huu unatoa maua, madogo sana lakini maua, na huo utomvu usiuguse, utakuharibu macho. Akaonyesha mkonge. Hapana. Akakimbilia mvinje kwenye uwanja wa kanisa, akachuma kitu kama sindano za msonobari na kakoni kadogo kama ka mdoli. Hapo hata mimi nilitaka kushangilia. Nikaangalia kwenye simu: mvinje ni mmea wa maua uliovaa nguo za msonobari. Kakoni kale ni tunda. Mtoto akanuna.

Tulipata bahati kwa mama mmoja anayeuza miche kando ya barabara.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu, mnatafuta maua gani?"

"Tunatafuta yasiyo maua," akajibu mpwa wangu kabla yangu.

Mama akacheka, lakini alikuwa nayo. Kwanza kangaga kwenye kopo la rangi. Pili msaipresi mchanga, ule wa kutengenezea ua. Tatu, kwenye chungu kikubwa, mmea mfupi wenye shina nene la magamba na majani magumu yaliyosimama kama taji. Yeye aliuita mtende wa mapambo. Si mtende. Ni sikadi, imetoka Asia, na jamii yake ilikuwepo duniani kabla ya dinosaria wa Tendaguru kuzaliwa. Nilisimama mbele ya chungu kile kama mtu aliyekutana na mzee wa ukoo asiyemtarajia. Bei yake ilinishinda, nikaomba jani moja lililozeeka. Akatupa bure, na onyo juu: mbegu zake ni sumu, mtoto na mbuzi wasizisogelee. Alikuwa sahihi.

Nataka kusimama kidogo kwenye sikadi, maana hapa tuna jambo letu wenyewe. Pwani ya Tanzania na Kenya, na Zanzibar pia, inaota sikadi ya asili. Kitaalamu inaitwa Encephalartos hildebrandtii, kwa heshima ya mkusanyaji Mjerumani, Hildebrandt. Lakini watu wa pwani walikuwa na jina lao kitambo: mtapo. Wakati wa njaa walijua namna ya kuusindika wapate wanga bila kufa kwa sumu. Yaani mmea ambao ndugu zake wa kale walisimama jirani na dinosaria wetu una jina la Kiswahili, una mapishi, una historia ya njaa na maarifa. Ni vitabu vingapi vya watoto vyenye dinosaria umewahi kuona vimetaja mtapo? Mimi sijaona hata kimoja.

Kuna utani wa kisayansi pia. Midoli na michoro hupenda kumwonyesha mnyama mwenye shingo ndefu akila sikadi. Watafiti waliwahi kuchukua majani ya mimea ya jamii hizi za kale na kuyachachusha kwa majimaji ya tumbo la wanyama wanaocheua, ili kupima lishe yake. Araukaria na ginko zilifanya vizuri, na mmea mmoja wa majimaji uitwao ekwiseti ulizipita. Sikadi ilikuwa kati ya zilizoshika mkia. Kwa hiyo mpwa wangu amepata jibu la swali lake. Huyu mrefu, kwa shingo ile, huenda alikula zaidi matawi ya miti ya koni huko juu. Kangaga na vichaka vya chini tumewaachia wafupi kama Kentrosaurus, yule mwenye miiba mgongoni, ambaye naye ni mtoto wa Tendaguru.

Baada ya kujua aina, kuna suala la kipimo, na hapa ndipo wapangaji wengi wa midoli wanapoanguka hata wakichagua mmea sahihi. Kiunzi cha Giraffatitan kilichoko Berlin kina urefu wa mita 13.27 kwenda juu. Mdoli wetu ana sentimita 22. Maana yake kila sentimita moja mezani ni sentimita 60 porini. Mti wa koni wa mita 30 unatakiwa uwe sentimita 50, zaidi ya mara mbili ya mnyama. Mtapo wenye shina la mita 3 uwe sentimita 5 tu. Mtu angekuwa na sentimita 3 pungufu. Tulipokata tawi la msaipresi la sentimita 50 na kulisimamisha kwenye udongo wa mfinyanzi, mdoli ulibadilika mbele ya macho yetu. Kabla ya hapo alikuwa jitu lililopotea kwenye bustani ya watu. Sasa alikuwa mnyama mkubwa ndani ya msitu mkubwa zaidi. Zile minazi za pakiti zilikuwa zinamdanganya mtoto kwamba dunia ya kale ilikuwa ndogo.

Chini tulimwaga mchanga, na badala ya zulia tukaweka yale majani laini ya kijani yanayoota kwenye ukuta wa tanki la maji linalovuja. Tukaacha sehemu tupu. Hilo nalisisitiza kwa yeyote anayepanga dinosaria: acha ardhi tupu. Jicho letu limezoea nyasi mpaka linaona udongo mtupu kama kazi ambayo haijakamilika. Mama yake mpwa wangu alipopita alisema, "Mbona mmeweka jangwa?" Mtoto akamjibu kwamba nyasi hazijazaliwa bado.

Mtu ataniambia: hii ni midoli, ndugu mwandishi, andika mambo ya maana. Nakubali ni midoli. Lakini hebu tutazame mjadala tunaouona kuwa wa maana.

Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba Tendaguru wakaondoka na tani zaidi ya 200 za visukuku. Nasema walichimba, ila majembe yalikuwa mikononi mwa watu wa kusini, mamia kwa mamia, wakati majeraha ya Vita vya Majimaji bado mabichi. Msimamizi wao, Boheti bin Amrani, jina lake limebaki kwenye kumbukumbu; ya wengi hayakubaki. Wapagazi walibeba mizigo kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Mwaka 1937 kiunzi kikasimamishwa Berlin, na mwaka 2007 kikasimamishwa upya kwa mkao sahihi zaidi. Kila baada ya muda suala linarudi bungeni na magazetini: mifupa irudi au isirudi? Ikirudi itawekwa wapi? Tulipwe nini?

Ni mjadala halali na mimi simo kati ya wanaotaka uzimwe. Tatizo langu ni kwamba tumemfanya dinosaria kuwa mifupa tu, kama mzigo wenye risiti. Ukumbi wa Berlin wenyewe, kwa picha na video nilizoziona, ni mifupa juu ya jukwaa chini ya paa la kioo. Mgeni akitaka kuona nyama na mandhari anachungulia kwenye darubini maalumu zenye katuni. Pale mnyama hana Lindi. Hana pwani, hana mti. Na sisi tunapomdai, tunamdai kwa sura ileile aliyopewa na jumba lile. Hata vitabu vyetu ni vichache. Kipo Dinosaria wa Tendaguru cha Magori na Saanane, kilichotoka mwaka 1998, kwa Kiswahili, kwa ajili ya vijana. Ni zaidi ya robo karne sasa. Mtoto wa Bariadi leo atamjua mnyama wa Lindi kupitia pakiti yenye minazi na volkano.

Hoja yangu ni nyepesi. Mifupa ipo Berlin, na kuirudisha kunahitaji mikataba, mabilioni na jengo. Msitu wake hauhitaji ruhusa ya mtu. Mtapo unaota pwani yetu. Podo, mti wa koni wa asili, upo Usambara. Araukaria imepandwa kwenye bustani nyingi. Mtarakwa upo milimani, na majani yake ya magamba yanatupa angalau taswira ya ile jamii iliyotoweka. Kangaga zipo kila penye kivuli na maji. Chukua eneo la ukubwa wa nusu uwanja wa mpira, Lindi au Dar es Salaam, upande mimea hii, umwage mchanga, uzuie nyasi zisiote (hiyo ndiyo itakuwa kazi ngumu kuliko zote), usimamishe nguzo moja ya mita 13.27 kuonyesha kichwa kilipofika. Mtoto akisimama chini ya nguzo hiyo, katikati ya mitapo, atajua kitu ambacho aliyesimama kwenye ukumbi wa Berlin hakijui.

Nitakuwa muungwana nikiri udhaifu wa wazo langu. Mimea hii ya leo ni binamu, si wenyewe. Mtapo wa leo si sikadi ya miaka milioni 150, na miti iliyotawala zaidi haina hata binamu wa karibu aliyebaki. Bustani hiyo itakuwa tafsiri. Lakini kiunzi cha Berlin nacho ni tafsiri: kimeunganishwa kwa mifupa ya wanyama zaidi ya mmoja, na sehemu nyingine ni za kuigiza. Hakuna anayekiita uongo.

Kitu kimoja cha jamii ya nyasi kinastahili kukaa karibu na mnyama yule: mianzi. Wachimbaji walipokosa vifaa vya kutosha vya kufungia mifupa mikubwa, waliizungushia fito za mianzi, iliyokuwa tele pale, ili isivunjike njiani. Ningeweka fito chache mlangoni mwa bustani hiyo, na jina la Boheti bin Amrani.

Meza yetu ya chakula imerudi kwenye kazi yake. Msitu wa Tendaguru umehamia kwenye sinia kuukuu dirishani, na msaipresi unaanza kukauka, itabidi tukate mwingine. Minazi nilitaka kuitupa, mpwa wangu akakataa. Alikuwa amesoma mahali kwamba Tyrannosaurus aliishi zaidi ya miaka milioni 80 baada ya wale wa Tendaguru, wakati maua na jamii ya minazi vilishakuwepo. Basi amemchukua yule Tyrannosaurus wa pakiti pamoja na minazi yake miwili, akawapeleka juu ya friji. Nikimuuliza kwa nini huko, ananiambia ni mbali, na lazima iwe mbali.